Judo kwa watoto kupitia michezo: wiki 10 za mwanzo kwenye mkeka

Mwambie mtoto wa miaka 7 arudie kuingia o goshi, mbinu ya kumwangusha mwenzako kwa nyonga, mara 50. Atafanya 8, na ya 9 atakuwa anamvuta mkanda mwenzake wa mbele. Mtoto huyo huyo mwambie mwenzake ana vibanio 3 vya nguo mgongoni na yeye ana dakika 1 ya kuvinyakua. Atasogea kwa hatua fupi, atashusha kiuno, atazungusha mabega na kuulinda mgongo wake, bila kuelezwa lolote.

Hata hivyo si kila mchezo ni mafunzo. Rede ni tamu na watoto watacheka, ila ikiisha hakuna aliyesogea hata hatua moja kuelekea judo. Kipimo chetu ni kimoja: mchezo unafaa pale ambapo njia nyepesi ya kushinda ndiyo ile mbinu unayotaka waijue. Kama mtoto anaweza kushinda kwa kukimbia tu, atakimbia, na huna haki ya kumlaumu. Kwa hiyo kazi ya mwalimu ni kutunga kanuni na kuzibadilisha, si kusimama pembeni akipaza sauti "shusha kiuno, shusha kiuno".

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 6 hadi 10 wasiowahi kucheza judo, kundi lisilozidi 16, mwalimu 1 na msaidizi 1, vipindi 2 kwa wiki vya dakika 50.

Mkeka na miili

Mikeka ya kawaida ya judo ina unene wa sentimita 4. Kwa watoto 16 wanaocheza michezo ya chini, eneo la mita 8 kwa 8 linatosha. Wakianza kuangushana, eneo hilo hilo libebe jozi 4 tu kwa wakati mmoja, wengine wakisubiri nje ya mkeka. Ajali nyingi za watoto hazitokani na mbinu. Zinatokana na jozi moja kuiangukia nyingine.

Vile vipande vya sponji vya sentimita 2 vinavyopachikana vinafaa kwa michezo ya chini na kuanguka kutoka mkao wa kuchuchumaa, lakini juu ya saruji havitoshi kwa kumwangusha mtu aliyesimama. Magodoro ya kulalia nayo yana hatari yake: mguu unazama, kifundo kinapinda, na kidole kinaingia kwenye mwanya kati ya godoro na godoro. Kama huna mikeka, tengeneza kitanda cha maranda: fremu ya mbao, maranda makavu ya kina cha sentimita 15 yaliyoshindiliwa, juu yake turubai gumu lililovutwa na kufungwa nje ya fremu. Maranda hujigandamiza taratibu, hivyo kila baada ya wiki chache fungua turubai, yavuruge na kuongeza. Mbao za fremu zifunikwe kwa sponji, maana kisigino cha mtoto kitazifikia tu.

Kabla ya kuingia mkekani msaidizi akague: kucha fupi za mikono na miguu, hereni na bangili zimevuliwa, nywele hazina shanga ngumu wala klipu za chuma. Mtoto anayevaa hijabu avae ile ya kuvutika isiyo na pini. Mwenye mapunye au kidonda kibichi asishikane na wenzake hadi atibiwe. Mpe kazi ya kuhesabu muda ili asijione ametengwa. Mkeka ufutwe baada ya kila kipindi. Ukitumia jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji inatosha, kisha uache ukauke.

Siku ya kwanza, kabla ya chochote, fundisha amri mbili na ishara moja. "Hajime" ni anza. "Matte" ni acha papo hapo. Kugonga mkeka au mwili wa mwenzako mara 2 ni kusema "basi", na aliyegongwa anaachia bila kujadiliana. Fanya mchezo wa dakika 5: watoto wanatembea wakikwepana, ukisema "matte" kila mmoja anaganda na mikono magotini ndani ya sekunde 2. Usiendelee na mchezo wowote wa kugusana mpaka kundi zima ligande mara 5 mfululizo. Wiki ya tatu utaona kwa nini.

Kuanguka: wiki ya 1 hadi ya 3, na kila siku baada ya hapo

Kuanguka, yaani ukemi, ndiyo sehemu ambayo walimu wenye haraka huikata, na ndiyo yenye gharama kubwa ikikatwa. Japani, ambako Kano Jigoro aliianzisha judo mwaka 1882, majeraha mabaya ya kichwa kwenye judo ya shule yamewapata zaidi wanaoanza, na mbinu iliyotajwa sana ni osoto gari, ile ya kumfyeka mwenzako mguu kwa nyuma. Kichwa kinagonga mkeka kwa kisogo kwa sababu shingo haijazoea kujikaza wakati mwili unaenda nyuma. Shingo hiyo ndiyo tunayoifundisha kwanza.

Ukemi wa nyuma unafundishwa hivi:

1. Mtoto achuchumae, kidevu kifuani, na kitambaa kilichokunjwa kibanwe chini ya kidevu.
2. Mikono ikutane mbele ya kifua.
3. Akalie karibu kabisa na visigino vyake. Akikaa mbali, tako linapiga mkeka kwa kishindo na kichwa kinarushwa nyuma.
4. Abingirike kwa mgongo uliojikunja, macho yakitazama fundo la mkanda wake.
5. Mabega yakikaribia kugusa, apige mkeka kwa mikono yote miwili, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, mikono ikiwa imeachana na mwili kama nyuzi 30 hadi 45.

Kitambaa kikidondoka, kidevu kiliinuka. Huna haja ya kumwambia. Amekiona mwenyewe kikianguka.

Makosa yanayorudi ni matatu. La kwanza ni kutanguliza kiganja nyuma ili kujizuia, na hapo ndipo vifundo vya mkono na viwiko vinapovunjika. Dawa yake ni kumpa mtoto soksi mbili ashike, moja kila mkono, azipige mkekani wakati wa kuanguka. Mkono ulioshika kitu hausahau kazi yake. La pili ni kutandaza mikono sambamba na mabega, jambo linalopeleka mshtuko begani. La tatu ni kupiga mkeka baada ya mgongo kufika: kelele ipo, faida hakuna.

Sasa michezo. "Nyama nyama" wanaijua tangu mtaani, kwa hiyo huhitaji kuieleza. Anayeongoza anataja mnyama. Akiliwa, kundi linaruka na kujibu "nyama!". Asiyeliwa, badala ya kunyamaza, wote wanafanya ukemi wa nyuma na kusimama tena bila kutumia mikono kadiri wawezavyo. Anayekosea hatolewi, anakuwa mwongozaji. Usimpe ukemi 10 kama adhabu, kwani ndani ya wiki mbili watauchukia. Majina ya wanyama mkubaliane mapema, la sivyo mtoto mmoja atataja nguruwe na nusu ya kipindi itaishia kwenye mjadala.

Ukuti ukuti nayo ina anguko ndani yake. Watoto 6 hadi 8 wanashikana mikono kwenye duara na kuzunguka, na mwishoni, badala ya kutetemeka tu, wanaachiana na kuanguka nyuma pamoja. Duara liwe pana kiasi cha mikono kunyooka, ili wanapoangukia nje wasigongane. Wakizoea, hakuna kuachiana kabla ya amri yako, na amri hiyo uitoe wasipoitarajia. Hapo ndipo ukemi unapoanza kuwa wa kweli, kwa sababu hatujui tutaangushwa saa ngapi.

Ukemi wa ubavuni ufundishe kutoka kwenye goti moja: mguu mmoja unateleza mbele kukatiza, mwili unalala upande huo, mkono wa upande huo unapiga mkeka, sikio halifiki chini. Ule wa kubingiria mbele juu ya bega usiuharakishe. Wengi wa miaka 6 wanapita juu ya kichwa badala ya bega. Waache wabingirie wakianzia magoti yote mawili, wakipenyeza mkono mmoja chini ya kwapa la mwingine na kutazama nyuma.

Michezo ya chini: wiki ya 2 hadi ya 5

Hapa ndipo penye utajiri kwa watoto, kwani aliyelala hana pa kuangukia. Mtoto anaweza kutumia nguvu zake zote bila mwalimu kushika roho mkononi.

Anza na Kobe. Mmoja analala kifudifudi au kwa mikono na magoti. Mwenzake ana sekunde 20 za kumgeuza chali. Marufuku ni nne: kushika kichwa, kushika shingo, kuvuta vidole, na kuruka juu ya mgongo wa mtu. Wabadilishane mara 3, kisha waite wakae.

Uliza swali moja tu: "Kobe alikuwa anajizuia na nini?" Watasema mkono, wengine goti. Waambie wajaribu tena, safari hii waondoe kwanza mkono na goti la upande mmoja, halafu wasukume kwa kifua kuelekea upande huo huo. Kobe wanaanza kupinduka. Hapo umefundisha kanuni ya kuondoa nguzo, ambayo itawafaa hata wakiwa wamesimama, na umetumia maneno yasiyozidi 20.

Baada ya kipindi kimoja, badilisha kanuni: kumgeuza hakutoshi, lazima ubaki juu yake hadi kundi lihesabu 10. Ghafla watoto wana shida mpya, kwani kobe anajikunjua na kutoka. Huu ndio wakati wa kuonyesha kesa gatame, mbinu ya kumbana chini aliyelala chali, si kabla. Nyonga ikae mkekani karibu na kwapa la mwenzako, mkono mmoja uzunguke nyuma ya shingo ukishika nguo begani bila kukaba, mwingine ubane mkono wake kwapani pako, miguu ipanuke. Kichwa chako ukishushe. Wanaolalia kifua cha mwenzao kwa uzito wote na miguu kuiunganisha hupinduliwa mara moja, na ni vizuri wapinduliwe.

Kwa aliye chini kuna mwendo wa ebi: kukunja goti, kusukuma mkeka kwa unyayo, kurudisha nyonga nyuma na kugeukia ubavu. Ukiufanya mazoezi ya mstarini utachosha kundi. Ufanye Mto wa Mamba. Mamba 2 wako katikati ya mkeka wakitambaa kwa tumbo, wengine wanavuka kutoka upande hadi upande kwa ebi pekee. Ukishikwa kwa sekunde 3 nyonga zikiwa chini unakuwa mamba. Kanuni inayoulinda mchezo ni kwamba hakuna anayesimama wala kupiga magoti, hata mamba. Bila hiyo, mgongano wa goti na meno ni suala la muda tu.

Kukaba na kukunja viwiko hakuna nafasi kwenye umri huu. Wakiulizia, na watauliza kwa sababu wameona kwenye simu, jibu fupi linatosha: bado.

Wakisimama: mizani, mshiko na miguu

Wiki ya 4 wainue, lakini hakuna kuangushana bado. Michezo mitatu inatosha.

Vibanio, tuliyoitaja mwanzo, ichezwe kwenye mraba wa mita 2 uliozungushiwa mikanda. Kila mtoto ana vibanio 3 kwenye mabega na mgongo. Kosa la kawaida ni kuinama kama anayetafuta sindano, vichwa vikagongana. Weka kanuni kwamba kichwa kikipita mbele ya goti, unampa mwenzako kibanio kimoja. Watajinyoosha wenyewe.

Duara ni mieleka midogo. Kipenyo mita 2, wawili ndani, kushikana mikono ya nguo, na anayekanyaga nje amepoteza. Raundi za kwanza mzito anashinda kila mara. Waachie raundi 3 wajionee, kisha ugeuze: sasa pointi ya kumsukuma nje ni 1, lakini ukimtoa kwa kupisha, kuvuta au kuzunguka ni 3. Mtoto mwepesi anagundua kwamba anayesukuma kwa nguvu zote hana pa kujizuia akipishwa. Hiyo ndiyo kuzushi, kuvunja mizani, na sasa unaweza kuitaja kwa jina kwa sababu wameshaihisi miilini mwao.

Gusa Unyayo inaandaa mbinu za miguu. Wakiwa wameshikana mkono wa nguo na ukosi, kila mmoja anajaribu kugusa mguu wa mwenzake chini ya kifundo kwa unyayo uliogeuzwa ndani. Ukitumia vidole au kupiga muundi wa mguu, pointi inaenda kwa mwenzako. Bila kanuni hiyo mchezo unageuka mateke ndani ya nusu dakika na kilio kinafuata. Mizunguko iwe ya sekunde 40, halafu wabadilishane wenza.

Anguko la kwanza: wiki ya 7 hadi ya 10

Osoto gari imo kwenye kundi la kwanza la gokyo, orodha ya mbinu za Kodokan, shule ya judo aliyoianzisha Kano, na ni rahisi kuonyesha, ndiyo maana wengi huanza nayo. Sisi tunaiacha. Inampeleka anayeanguka moja kwa moja kwa kisogo, na mtoto anayeangusha mara nyingi huanguka naye. O goshi ni salama zaidi kwa mwanzo: anayeanguka anapita mbele juu ya nyonga, anafika ubavuni, na mkono wake mmoja umeshikwa hadi mwisho.

Panda ngazi polepole. Kwanza wote wawili wapo magotini. Anayeangusha anazungusha mkono kiunoni mwa mwenzake, anageuza mgongo wake, na mwenzake anabingirika kwa upande. Kisha anayeangushwa yupo magotini, anayeangusha amechuchumaa. Halafu wote wamesimama, lakini ni kuinua tu hadi vidole viache mkeka na kurudisha chini. Mwisho kabisa ndiyo anguko kamili, tena kwa wale tu ambao ukemi wao wa ubavuni umekuwa safi kwa vipindi 2 mfululizo.

Aliyeangusha ana wajibu mmoja usiojadiliwa: ashike mkono wa nguo na kuuvuta juu mwenzake anapofika chini. Mvuto huo ndio unaozuia kichwa. Ugeuze kuwa mchezo unaoitwa Yai. Jozi inapata pointi pale tu anayeanguka anapotua bila kichwa kugusa na aliyeangusha amebaki wima, mshiko haujaachia. Pointi ni za jozi, si za mtu. Ghafla watoto wanaanza kuwalinda wenzao, jambo ambalo mahubiri hayajawahi kuleta.

Makosa ya hapa: nyonga iliyo juu kuliko ya mwenzake, hivyo anamvuta badala ya kumwinua (mwambie akunje magoti mpaka mkanda wake uwe chini ya mkanda wa mwenzake), kumkumbatia shingo badala ya kiuno, jambo la kusimamisha papo hapo, na kujidondosha magoti mawili chini akivuta, ambalo tunalikataza kabisa kwa sababu mwenzake anatua kwa kichwa.

Kipindi kinavyopangwa

Dakika 5 za salamu na ukaguzi, 8 za mchezo wa kuanguka, 4 za mchezo mkuu wa siku, 1 ya swali, 4 za mchezo huo huo kwa kanuni mpya. Kisha dakika 8 za mbinu yenyewe, maji dakika 3, mchezo wa pili dakika 10, na zinazobaki ni za kupumua na kuagana. Mchezo uukate ukiwa bado mtamu. Ukingoja wachoke nao, hutaweza kuutumia wiki ijayo. Wakati wa Ramadhani punguza michezo ya kukimbizana na uongeze ya chini, au sogeza kipindi jioni.

Wapange kwa uzito kabla ya umri: tofauti isizidi kama kilo 3 kwa wadogo na 5 kwa wakubwa. Michezo ya kutolewa nje iepuke, kwani anayetolewa kwanza ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote, na sasa amekaa anachezea uzi wa mkanda. Mwenye nguvu kupita wenzake mpe sharti, mkono mmoja ndani ya mkanda kwa mfano. Anayelia mpeleke pembeni na msaidizi, asilazimishwe kurudi, na asibembelezwe mbele ya kundi.

Mtoto akigonga kichwa, kipindi chake kimekwisha siku hiyo hata akisema yuko sawa. Mweleze mzazi ana kwa ana. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa au mwendo ukibadilika, ni hospitali mara moja bila kungoja asubuhi. Asirudi mkekani hadi dalili zote ziishe na daktari aridhie.

Randori ya kusimama, yaani kushindana huru, ingojee. Mtoto yuko tayari akitimiza haya: anaganda kwa "matte" bila kukumbushwa, anaanguka pande zote mbili bila kutanguliza kiganja hata akishtukizwa, na kwenye Yai hajaachia mkono wa mwenzake kwa vipindi 3. Anayekosa moja aendelee na randori ya chini pamoja na wenzake. Hakuna atakayeona tofauti isipokuwa wewe na daftari lako.